Stili ya Buddy Emmons na tuni ya E9: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Stili ya pedali ni gitaa la namna gani?

Ni gitaa lililosimama juu ya miguu minne, nyuzi zikitazama dari, mpigaji akiwa ameketi nyuma yake. Mkono wa kushoto unatelezesha chuma cha mviringo juu ya nyuzi. Mkono wa kulia unadonoa kwa piki tatu: ya plastiki kwenye dole gumba, za bati kwenye kidole cha shahada na cha kati. Freti zimechorwa tu, uzi hauzigusi kamwe. Mguu wa kushoto unakanyaga pedali, magoti yote mawili yanasukuma nyenzo, mguu wa kulia uko kwenye pedali ya sauti. Kila pedali na kila wenzo huvuta au kulegeza nyuzi fulani mpaka kwenye nota iliyopangwa, na nyuzi nyingine hubaki zilivyo.

Wasikilizaji wa kantri Afrika Mashariki wanaujua mlio huu hata kama hawajawahi kuona chombo chenyewe. Lloyd Green, mmoja wa mabingwa wa stili wa Nashville, mji wa muziki wa kantri Marekani, ndiye anayesikika kwenye rekodi kadhaa za Don Williams ambazo redio zetu zimezipiga kwa miaka mingi.

Kwa nini Buddy Emmons anatajwa kila stili inapozungumzwa?

Kwa sababu stili nyingi za E9 (tuni, yaani mpangilio wa nota za nyuzi 10, tutakayoieleza hapa chini) zinazopigwa leo zimepangwa kwa mawazo yake. Emmons (1937–2015) alizaliwa Mishawaka, Indiana, akaingia Nashville mwaka 1955 akiwa na miaka 18 kupiga na Little Jimmy Dickens. Kabla yake kidogo, Bud Isaacs alikuwa ameshawashangaza watu kwa kukanyaga pedali huku nyuzi bado zinalia, kwenye wimbo wa Webb Pierce uliotoka 1954. Lakini pedali ya Isaacs ilifanya mambo mawili kwa pamoja: iliitoa kodi (nota kadhaa zinazolia pamoja) ya kwanza ya skeli ikawa kodi ya nne, basi. Mwaka 1956 Emmons aliigawa kazi hiyo kwa pedali mbili, kila moja na badiliko lake. Kuanzia hapo mpigaji aliweza kuanza na moja, kuongeza ya pili, kuachia ya kwanza, na kila hatua ikawa na maana yake ya muziki.

Mwaka 1962 akaongeza nyuzi mbili, F# na D#, tutakazozieleza hapa chini. Alishiriki pia kuanzisha kampuni mbili za kutengeneza stili: Sho-Bud akiwa na Shot Jackson, kisha Emmons akiwa na Ron Lashley. Aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la Stili mwaka 1981. Anayedhani alikuwa mtu wa kantri pekee atafute albamu yake ya jazi ya 1963.

Tuni ya E9 ikoje, na nyuzi zina unene gani?

Uzi wa 1 ndio ulio mbali na mpigaji, wa 10 uko karibu na tumbo. Unene ni wa inchi, kama unavyoandikwa kwenye pakiti:

1. F# – 0.012
2. D# – 0.015
3. G# – 0.011
4. E – 0.014
5. B – 0.017
6. G# – 0.020, isiyoviringishwa
7. F# – 0.026, iliyoviringishwa
8. E – 0.030
9. D – 0.034
10. B – 0.036

Seti ya gitaa la kawaida haifai hata ukiongeza nyuzi. Urefu wa uzi unaolia kwenye stili ni inchi 24 hadi 24.25, na mpangilio wa unene ni tofauti kabisa. Agiza seti iliyoandikwa E9.

Kila pedali na kila wenzo unafanya nini?

Mpangilio unaoitwa wa Emmons, kutoka kushoto:

- Pedali A: nyuzi 5 na 10, B inapanda hadi C#.
- Pedali B: nyuzi 3 na 6, G# inapanda hadi A.
- Pedali C: uzi 4 kutoka E hadi F#, na uzi 5 kutoka B hadi C#.
- Wenzo wa F: nyuzi 4 na 8, E inapanda hadi F.
- Wenzo wa E: nyuzi hizo hizo, E inashuka hadi D#.
- Wenzo wa uzi wa 2 na wa 9: D# inashuka hadi D au C#, na D inashuka hadi C#.
- Wenzo wa uzi wa 1: F# inapanda hadi G au G#, kutegemea mtengenezaji.
- Wenzo wa wima, unaoinuliwa kwa goti: nyuzi 5 na 10, B inashuka hadi A#. Si kila gitaa linao.

Kwa kawaida wenzo wa F na wa E huwa kwenye goti la kushoto, ile ya uzi wa 1 na wa 2 kwenye goti la kulia. Usilichukulie hilo kama sheria. Ukikalia gitaa la mtu, sukuma kila wenzo polepole huku ukidonoa uzi mmoja mmoja kabla ya kupiga wimbo.

Kwa nini uzi wa 1 na wa 2 ni wa chini kuliko wa 3?

Emmons alipoziongeza, hakutaka kuvuruga mshiko uliokuwepo. Nyuzi 3, 4, 5, 6 na 8 zilikuwa zimeshazoeleka kama kodi. Akaziweka mpya pembeni, upande wa nje, mahali ambapo dole gumba na kidole cha shahada havizigongi kwa bahati mbaya.

Faida yake utaiona ukipiga skeli ya E meja bila kusogeza chuma hata kidogo. Donoa hivi: uzi 8 (E), uzi 7 (F#), uzi 6 (G#), uzi 6 na pedali B (A), uzi 5 (B), uzi 5 na pedali A (C#), uzi 2 (D#), uzi 4 (E). Oktava nzima, freti moja. Weka chuma freti ya 3 na skeli hiyo hiyo inakuwa ya G. Zile mbio za nota zinazomiminika kwa Emmons bila chuma kusikika kikiteleza, nyingi zinatoka hapa.

Nikitaka kodi ya G, naipata freti gani?

Tatu za kuanzia, zote kwa nyuzi 3, 4, 5, 6:

Freti ya 3 bila pedali. Freti ya 6 kwa pedali A pamoja na wenzo wa F. Freti ya 10 kwa pedali A na B.

Sogeza zote kwa kiasi kimoja na una kodi yoyote ya meja. Kwa maina: freti ya 3 na pedali A peke yake ni E maina, freti hiyo hiyo na B pamoja na C ni A maina, na wenzo wa E unaoshusha ni B maina. Kwa hiyo freti ya 3 pekee inakupa G, C (A na B pamoja), Em, Am na Bm. Ukiongeza uzi wa 9 kwenye mshiko wa wazi unapata G7. Nyimbo nyingi za kantri hazihitaji zaidi ya hapo. Kazi inayobaki ni mikono.

Tyuna inaonyesha kila uzi uko katikati, lakini kodi inakwaruza. Nimekosea wapi?

Hujakosea, tyuna ndiyo imegawa kwa usawa. Inaigawa oktava katika nusu toni 12 zinazolingana, kila moja senti 100. Sikio linataka kitu kingine: nota ya tatu ya kodi ya meja iliyo safi iko karibu senti 14 chini ya pale inaposema tyuna, na ya tano iko senti 2 juu. Kwenye piano tumeshazoea. Kwenye stili, ambako nota zinakaa muda mrefu bila kufifia na amplifaya inazikuza, tofauti hiyo inasikika kama mtetemo wa kuudhi.

Ukianza na E kuwa 0, hesabu inakwenda hivi: B iwe +2, G# −14, D# −12. A ya pedali B iwe −2, C# ya pedali A −16. F ya wenzo wa F inafika −30, namba inayowatisha wengi, lakini hiyo F ni nota ya tatu ya kodi ya C#, na C# yenyewe imeshashuka.

Utata mkubwa uko kwenye F#. Nyuzi za 1 na 7, zikisikilizwa pamoja na B, zinataka +4. Zikisikilizwa pamoja na C# ya pedali A zinataka −18. Hakuna tuni inayoridhisha pande zote mbili. Wapigaji wengi wanaziacha karibu na 0 au chini kidogo, na F# ya pedali C wanaituni peke yake kwa kuisikiliza dhidi ya C#.

Ukiituni E kuwa 0 na nota nyingi nyingine zikawa chini, gitaa zima litasikika limeshuka mbele ya besi na kinanda. Ndiyo maana E hupandishwa, wengine hadi karibu senti 10, ili wastani wa kodi uangukie pale bendi ilipo. Jeff Newman, mwalimu mashuhuri wa stili, alisambaza jedwali la namna hiyo na linatumika mpaka leo. Emmons mwenyewe katika miaka yake ya baadaye alielekea kwenye tuni ya tyuna iliyonyooka, akiacha chuma na sikio vimalize kazi. Kwa anayeanza, tusimfuate huko. Mkono wake ulikuwa na uwezo wa kurekebisha kila kodi, wako bado.

Hatua za kutuni ni zipi?

Maelezo haya ni ya gitaa la kuvuta tu (all-pull), linalopandisha na kushusha nota kwa kuvuta fito za chini yake, na ndilo utakalokutana nalo mara nyingi. Magitaa ya zamani ya Emmons ya kusukuma na kuvuta yana utaratibu mwingine.

1. Kanyaga kila pedali na sukuma kila wenzo mara kadhaa, nyuzi zikae.
2. Bila kugusa pedali, tuni nyuzi zote 10 kwa funguo za upande wa kushoto.
3. Kanyaga pedali A hadi mwisho. Upande wa kulia wa gitaa, kwenye bamba la mwisho, kuna nati za nailoni zenye pembe sita. Zungusha ya uzi wa 5, kisha ya uzi wa 10, kwa spana ndogo, kwa kawaida ya inchi 3/16. Ukikaza, badiliko linaongezeka: kinachopanda kinazidi kupanda, kinachoshuka kinazidi kushuka.
4. Fanya hivyo kwa B, C, kisha nyenzo zote.
5. Rudi hatua ya 2. Kama uzi wa wazi umehama, rekebisha wazi kwanza, nati baadaye.

Kosa la kila siku ni kushika spana wakati tatizo liko kwenye funguo. Pedali ikisikika imepotea, kwanza achia na uangalie uzi wa wazi.

Nikikanyaga A na B, nyuzi ambazo hazikuguswa zinashuka kidogo. Gitaa ni bovu?

Hapana. Mvuto ukiongezeka, mbao na vyuma hujikunja kidogo na nyuzi nyingine zinalegea. Senti 2 hadi 4 kwenye E ni kawaida. Hii ni sababu nyingine ya kupandisha E kidogo ikiwa wazi. Ikizidi sana, kagua skrubu za miguu na za bamba la mwisho.

Nikiachia pedali, nota hairudi ilipokuwa. Nianzie wapi?

Angalia inarudi juu au chini. Wenzo wa kushusha E ukiachiwa, na nota ikarudi juu kidogo, mara nyingi ni msuguano kwenye vigurudumu vya upande wa funguo. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila mhimili linatosha. Tuni E baada ya kusukuma na kuachia wenzo huo, si kabla.

Uzi ukibaki umepanda baada ya kuachia pedali, chunguza fito zilizo chini ya gitaa. Kila fito lazima iwe na uchezaji kidogo inapopumzika. Nati ikikazwa kupita kiasi, kidole cha chenja (mtambo wa upande wa kulia unaovuta na kulegeza nyuzi) hakilali kwenye kituo chake, na hapo uzi wa wazi unakuwa umetuniwa juu ya kosa. Legeza nati mpaka fito icheze, tuni wazi upya, kisha rekebisha kituo cha pedali.

Kama kupandisha kunatetereka kwenye uzi ambao pia hushushwa, springi ya kurudisha imelegea. Ikaze kidogo kidogo. Ukizidisha, wenzo utakuwa mzito kwa goti.

Uzi wa 3 unakatika kila mara. Niweke mnene zaidi?

Haitasaidia. Uzi mnene unahitaji mvuto mkubwa zaidi kufikia nota ile ile, hivyo mkazo ndani ya chuma chake unabaki karibu ule ule. G# hiyo, yenye kukanyagwa hadi A, iko karibu na kikomo cha waya wa chuma kwa urefu huu. Unakatika juu ya kidole cha chenja kwa sababu hapo ndipo unapokunjwa na kunyooshwa maelfu ya mara. Uzi ukitoka, pitisha ukucha juu ya kidole hicho: ukihisi mfereji, kilainishe kwa msasa laini sana, futa vumbi, weka mafuta kidogo. Kisha nunua nyuzi za 0.011 moja moja, za kutosha.

Napiga nota zile zile, lakini kwangu ni kelele na kwa Emmons ni safi. Tofauti ni nini?

Ni kuzima nyuzi. Watu hutazama pedali, kwa sababu ndizo zinazoshangaza. Lakini stili haina freti za kweli na uzi uliodonolewa utaendelea kulia chini ya chuma mpaka uzimwe. Ukisogeza chuma nyuzi mbili za zamani bado ziko hai, unapata ukungu.

Njia ya kwanza ni kiganja. Ukingo wa mkono wa kulia, upande wa kidole cha mwisho, unashuka kwenye nyuzi mara tu nota inapomaliza muda wake, unainuka kidogo kudonoa inayofuata, unashuka tena. Mwendo ni wa milimita chache, na mkono hauruki. Lloyd Green ni mfano mzuri wa kusikiliza.

Njia ya pili ni piki yenyewe. Kidole kilichodonoa kinarudi kwenye uzi wake na kuuzima wakati ule ule kidole kingine kinadonoa uzi mwingine. Paul Franklin anajulikana kwa hili. Inafaa kwenye mbio, ambako kiganja kinachelewa. Ukiisikiliza kwa karibu utasikia mkwaruzo mdogo wa bati kwenye uzi. Ukiwa mkubwa, piki inarudi kwa kishindo badala ya kutua. Emmons alichanganya njia hizi mbili kulingana na wimbo.

Nyuma ya chuma, kidole cha pete na cha mwisho cha mkono wa kushoto vilale bapa juu ya nyuzi. Vikiinuka, sehemu ya uzi iliyo upande wa funguo inatetemeka na kuleta mlio wa pembeni ambao wengi huilaumu pikapu (kifaa kinachonasa sauti ya nyuzi) kwa ajili yake.

Zoezi: metronomu kwenye 60. Mshiko wa nyuzi 3-4-5, donoa kwenye pigo la kwanza, zima kabisa kwenye la pili. Kisha 4-5-6, 5-6-8, 6-8-10, na kurudi. Nusu ya muda lazima iwe kimya kabisa. Usiguse pedali mpaka kimya hicho kiwe safi.

Chuma kiwe cha ukubwa gani, na kikae wapi?

Kwa nyuzi 10 kinachotumika sana ni kipenyo cha inchi 7/8, urefu inchi 3.25, uzito zaidi kidogo ya gramu 200. Katikati ya chuma iwe juu kabisa ya mstari wa freti, na jicho litazame kutoka juu, si kwa pembe. Kwenye freti ya 3, kosa la milimita 1 ni kama senti 3. Kwenye freti ya 15 ni karibu senti 7, na hapo kila mtu anasikia. Kwa hiyo kutikisa chuma kwa ajili ya mtetemo kupungue kadiri unavyopanda.

Pedali ya sauti ni ya kuongeza na kupunguza sauti tu?

Kazi yake kubwa ni kurefusha nota. Donoa pedali ikiwa karibu nusu, kisha sukuma mbele taratibu kadiri nota inavyofifia, ili sikio lisisikie kushuka. Kosa ni kuanzia sifuri kila unapodonoa: mdono unapotea, kila nota inavimba kutoka gizani, na baada ya mistari miwili msikilizaji amechoka. Sauti ikikwaruza unapokanyaga, potenshiometa, kidhibiti cha sauti kilicho ndani ya pedali, imechakaa. Ya stili kwa kawaida ni ya kilo-ohm 500.

Mpangilio wa Emmons au wa Day?

Jimmy Day, mpigaji mwingine wa stili, alipanga pedali kinyume: C, B, A. Nota ni zile zile, kifundo cha mguu ndicho kinachoinamia upande mwingine. Chagua ule wa gitaa ulilopata.

Shingo ya pili kwenye magitaa mengine ni ya nini?

Kwa kawaida ni C6, kwa jazi na swingi. Anayeanza haihitaji. Gitaa la shingo mbili ndani ya kasha lake huzidi kilo 30, na utaubeba mwenyewe mzigo huo.

Nikiwa Nairobi au Dar es Salaam, niagize nini?

Shingo moja, nyuzi 10, pedali 3, na nyenzo zisizopungua 4. Kwa bei ndogo utavutiwa na magitaa ya wanafunzi ya zamani kama Sho-Bud Maverick, lenye pedali 3 na wenzo 1 tu. Bila nyenzo zote mbili, wa F na wa E, nusu ya yaliyoandikwa hapa hayapigiki.

Amplifaya ya Marekani ni ya volti 120. Soketi zetu ni 230 hadi 240. Tumia transfoma ya kushusha yenye wati angalau mara moja na nusu ya zile zilizoandikwa nyuma ya amplifaya. Kwenye Peavey Nashville 400, ambayo utaikuta mara nyingi ikiuzwa mitumba, punguza sauti za kati kwenye hezi 800 hivi, na ule ukali wa puani utaondoka.

Ukiwa pwani, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza, na ulaze gitaa ndani ya kasha. Usinyunyizie chenja dawa za kuondoa kutu za makopo; zinaacha utando unaonasa vumbi. Mafuta ya cherehani, tone kwa tone.

Kuna Waafrika waliopiga chombo hiki?

Wapo. Demola Adepoju wa Nigeria alikipiga katika bendi ya King Sunny Adé, ndani ya muziki wa juju, na pia anasikika kwenye albamu ya Paul Simon ya 1986, Graceland. Msikilize kwa sababu hafuati msamiati wa Nashville: anatumia mtelezo mrefu na nota moja moja zinazoitikia ngoma, na kodi za pedali anazitumia kwa uchache.